Mbwa Aliyemaliza Mbio

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wetu wa mwaka, katika ukumbi wa shule, baada ya chakula cha mchana.)

Ninyi vijana mlioketi kule nyuma, najua mnangojea tumalize ili mkacheze mpira. (Kicheko.)

Katibu wetu aliponiandikia kuniomba nizungumze leo, aliniuliza swali moja: tangu nistaafu kazi ya uuguzi kule Uingereza, nashughulika na nini? Nikamjibu kwa kifupi kwamba natunza wastaafu wenzangu. Akafurahi, akaandika katika ratiba kwamba nitazungumza juu ya huduma kwa wazee. Yafaa basi nieleze mapema kwamba wastaafu ninaowatunza wana miguu minne. (Kicheko.) Ni mbwa wa mashindano ya mbio, wale warefu wembamba, wenye kifua kipana na kiuno cha nyigu, ambao huitwa grehaundi.

Vijana mnawajua kuliko mnavyodhani. Katika vibanda vya kubeti vya miji yetu, kwenye televisheni, mmewaona mbwa sita wakitoka vizimbani kwa pamoja, kila mmoja na namba yake mgongoni. Aghalabu hao mnaowaona ni picha zilizotengenezwa na kompyuta. Hawali, hawavunjiki mguu, na hawazeeki. Lakini wameigwa kutoka kwa mbwa wa kweli, na mimi nimekuja kuwaeleza habari za hao wa kweli. Hasa kile ambacho televisheni haionyeshi, yaani yanayofuata baada ya mbwa kumaliza mbio yake ya mwisho.

Mchezo wenyewe ni mfupi sana. Mbwa sita hufungiwa vizimbani. Sungura wa bandia, anayevutwa na mashine kwenye reli, hupita mbele yao; milango hufunguka, nao humfukuza wakizunguka uwanja wa mchanga. Mbio ya kawaida ni kama mita 480, na huisha kwa muda wa sekunde 30 hivi. Mashine ya kumvuta sungura huyo ilibuniwa na Mmarekani, Owen Patrick Smith, na uwanja wa kwanza wa namna hiyo ulifunguliwa Emeryville, California, mwaka 1919. Uingereza iliupokea mchezo tarehe 24 Julai 1926, katika uwanja wa Belle Vue, mjini Manchester. Usiku ule walifika watu wapatao 1,700. Miaka 20 baadaye, mwaka 1946, viingilio zaidi ya milioni 30 vililipwa nchini humo kwa mwaka mmoja tu. Mfanyakazi aliyetoka kiwandani jioni alikwenda kutazama mbwa, akaweka dau lake dogo, akarudi nyumbani amefurahi au amenuna.

Halafu mambo yakabadilika. Watu walipata televisheni na maduka ya kamari, na viwanja vyenyewe vilisimama juu ya ardhi ghali. White City ya London ulifungwa mwaka 1984, Walthamstow mwaka 2008, Wimbledon mwaka 2017, na Belle Vue wenyewe mwaka 2020. Vilivyobaki, mara nyingi hukimbiza mbwa asubuhi au mchana mbele ya viti vitupu, kwa ajili ya watu wanaotazama katika maduka ya kamari.

Ndugu zangu, tupige hesabu ndogo, kama alivyotufundisha mwalimu wetu wa hisabati: kwa utaratibu, bila kuruka hatua. Mbwa wa mbio huanza kushindana akiwa na umri wa miezi 15 au zaidi kidogo. Akifika miaka 3, 4, au 5 kwa bahati, huwa amekwisha. Ama kasi imepungua, ama ameumia. Lakini umri wa mbwa huyu ni miaka 12 na wakati mwingine 14. Basi toa 4 katika 12. Inabaki 8. Nani atamlisha miaka hiyo 8?

Hilo ndilo swali langu la leo, sina jingine. Kwa miaka mingi watu wa mbio hawakuliuliza, au waliliuliza kwa sauti ndogo. Alikuwapo mbwa mmoja mashuhuri, Mick the Miller, aliyeshinda Derby ya Uingereza mwaka 1929 na tena mwaka 1930. Alipokufa mwaka 1939 walimkausha, na amewekwa katika jumba la makumbusho huko Tring. Huyo alipata heshima yake. Wale waliokimbia nyuma yake, nani anajua walikoishia? Wazee wetu walisema: mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Mwaka 2006 gazeti moja la London lilifichua habari iliyoitikisa nchi nzima. Katika mji wa Seaham, kaskazini mwa Uingereza, alikuwapo mtu aliyepokea mbwa waliokwisha kazi, akawaua na kuwazika katika shamba lake, kwa malipo kidogo kwa kila kichwa. Gazeti lilisema kwamba kwa muda wa miaka 15 aliwaua mbwa wapatao 10,000. Aliposhtakiwa, kosa alilopatikana nalo lilihusu kufukia taka ardhini bila kibali. Kuua hakukuwa kosa, maadamu mwenye mbwa ameridhia na mbwa amekufa haraka. Hapo ndipo watu wengi walipoamka.

Tusiwapunje haki yao waliotangulia kuamka. Shirika kubwa la kuwatafutia makao mbwa hawa lilianzishwa mwaka 1975, na limewapatia makao makumi ya maelfu. Baada ya fedheha ya Seaham zilikuja kanuni za mwaka 2010, ambazo zilitaka kila uwanja wa England uwe na daktari wa wanyama siku ya mbio, na kila mbwa awe na alama ya kumtambulisha. Mwaka 2018 bodi ya mbio ilianza kutangaza hesabu ya majeruhi na vifo. Mwaka huo peke yake mbwa zaidi ya 200 walikufa viwanjani. Kufikia mwaka 2022 hesabu hiyo ilishuka ikawa karibu 100. Mwaka 2020 ukaja utaratibu wa amana: pauni 400 kwa kila mbwa, nusu kutoka kwa mwenye mbwa na nusu kutoka kwa bodi, zitolewe kwa wale watakaomtafutia makao. Ni hatua njema. Ila mbwa mwenye meno mabovu na mguu uliovunjika huzila pauni 400 kabla hajamaliza mwezi.

Mtaniuliza, wewe mtoto wa Tanga, uliyelelewa katika nyumba ambamo mbwa hakuvuka kizingiti, uliingiaje katika mambo haya? Niliingia kwa njia ya kazi. Mwaka 2009 katika wodi yangu alilazwa mzee mmoja aliyekuwa akiishi peke yake. Daktari alitaka kumpasua kesho yake. Mzee akakataa kutia sahihi. Tulidhani anaogopa kisu. Kumbe nyumbani kulikuwa na mbwa mstaafu wa mbio, na hapakuwa na mtu wa kumpa maji. Wauguzi tuliomhudumia tuliulizana nani anakaa mtaa ule. Nilikuwa ni mimi. Nikaenda kwa majirani zake, wakanifungulia; nikamkuta mbwa amelala juu ya kochi, amefunika pua kwa mkia. Hakubweka. Nikampa maji, nikapiga simu kwa kikundi kidogo cha kujitolea ambacho namba yake ilibandikwa mlangoni. Wakaja usiku uleule. Mzee akatia sahihi, akapasuliwa, akapona. Nami nikabaki katika kikundi kile mpaka leo.

Kazi yenyewe ni hivi. Mkufunzi wa mbwa hutupigia simu kwamba ana watatu wamekwisha. Tunakwenda na gari kuwachukua. Daktari huwapima, huwahasi, huwasafisha meno na kuwachanja. Wengi wao, zaidi ya 8 katika kila 10, wamezaliwa Ireland, na masikioni wana herufi za wino zilizochanjwa wangali wadogo. Wengi wameumia mguu wa nyuma wa kulia. Sababu yake ni rahisi: mbio zote huzungushwa kinyume cha saa, kona zote ni za kushoto, na mguu huo ndio unaobeba uzito wa kona.

Baadaye tunatembelea nyumba ya anayeomba mbwa. Tunatazama uzio, tunauliza kama wana paka, tunauliza nani hushinda nyumbani. Si kila mwombaji anapewa. Mtu akituambia anataka mbwa wa kulinda nyumba, tunamshauri anunue kufuli. (Kicheko.) Mbwa hawa ni wapole kupita kiasi; mwizi akiingia watampisha kwenye kochi.

Ajabu kubwa ni kwamba mbwa aliyekimbia kwa kasi ya kilomita 60 na zaidi kwa saa hajui kupanda ngazi. Amekulia bandani, hajapata kuziona. Hajui mlango wa kioo, huugonga kwa pua. Hajui mashine ya kufulia, hutetemeka ikianza kuzunguka. Ngazi tunamfundisha mguu baada ya mguu, mmoja mbele na mmoja nyuma, kama tunavyomfundisha mgonjwa aliyetoka kupooza. Nje hatumwachii kamba, kwa sababu akiona sungura atakuwa mtaa wa pili kabla hujamaliza kulitaja jina lake. Wakati wa baridi humvika koti, maana hana mafuta mwilini na manyoya yake ni mepesi. Na daktari akitaka kumlaza kwa dawa za usingizi, lazima ajue kwamba mwili wake huchelewa kuziondoa baadhi yake.

Jambo jingine: alilala bandani, hakuzoea kuguswa usingizini. Ukimshika ghafla anaweza kung'aka kabla hajajua yuko wapi. Basi mwite kwanza kwa jina. Waswahili walikwisha sema, usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. (Kicheko.)

Mwaka 2015, baada ya kustaafu, nilimchukua wa kwangu mwenyewe, jike mweusi mwenye kovu mguuni. Nilimpa jina la Polepole. Majirani Waingereza walilipenda jina hilo bila kujua maana yake. Alilala saa 16 na zaidi kwa siku, na mara mbili alitoka nami kutembea. Hakuwa na deni kwa mtu. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno: kile ambacho mwenye mbwa alikiona kimekwisha, mimi nilikiona ni neema ya miaka saba.

Najua wapo hapa ndugu zangu Waislamu wanaonitazama kwa jicho la pembeni. Nawaelewa, nami ni mmoja wenu. Nyumbani kwangu chumba cha sala mlango wake ulifungwa daima, Polepole alikuwa na vyombo vyake, na nguo za sala zilikaa mbali naye. Lakini sote tulifundishwa chuoni kisa cha yule aliyeteremka kisimani, akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Twahara ina masharti yake na huruma ina masharti yake. Moja haifuti nyingine.

Wapo pia watakaosema: watu wana shida, wewe unahangaika na mbwa! Ni hoja nzito, wala siifanyii mzaha. Nimewauguza watu miaka 25. Jibu langu ni kwamba mbwa huyu hakuja mwenyewe duniani kukimbia. Alizalishwa kwa makusudi, akafundishwa kwa makusudi, na fedha zikapatikana mgongoni mwake. Simwiti maskini anayeomba sadaka. Ni mfanyakazi anayedai kiinua mgongo chake. (Makofi.)

Sasa nifike penye ugumu, maana sitaki mwondoke hapa mkidhani kwamba ni kazi ya kupapasa vichwa vya mbwa tu. Hesabu za majeruhi zilipotangazwa mwaka 2018, kikundi chetu kiligawanyika. Vijana walitaka tusimame na mabango mbele ya lango la uwanja. Wazee walisema: tukifanya hivyo, wakufunzi hawatatupigia simu tena, na mbwa ambao tungewaokoa wataokolewa na nani? Kila upande ulikuwa na haki. Mwenye kunyamaza anapata mbwa wa leo, lakini anaacha mashine iendelee kuzalisha wa kesho. Mwenye kusema anawasemea wa kesho, lakini huenda akawapoteza wa leo.

Tulibishana mikutano mitatu. Mwishowe mimi, kama muuguzi, nilipendekeza daftari. Wodini hatukupiga kelele, tuliandika. Tukakubaliana kwamba kila mbwa anayepokelewa aandikwe: tarehe, umri, mfupa uliovunjika, hali ya meno, uzito. Majina ya wakufunzi tusiyatangaze, lakini hesabu tumpe kila mbunge, mwandishi au ofisa anayeiomba. Wenye mabango waende na mabango yao, ila wasiwe walewale wanaokwenda kuchukua mbwa.

Hata hivyo tuliilipia. Mkufunzi mmoja, aliyekuwa akituletea mbwa kila mwaka, alisikia habari ya daftari akaacha kutupigia simu. Wakati huo alikuwa ametuahidi wawili, dume na jike. Tulipiga simu sisi, hakupokea. Mpaka leo sijui mbwa wale wawili walikwenda wapi. Kila nikisikia mtu anasema kwamba kusema kweli hakuna gharama, nawakumbuka hao. Na bado nasema daftari lilikuwa sawa, kwa sababu hesabu isiyoandikwa haimtetei mtu.

Mambo yanakwenda haraka sasa. Katika jimbo la Florida, Marekani, wananchi walipiga kura mwezi wa Novemba 2018, na mbio zikakoma mwisho wa Desemba 2020. New Zealand ilitangaza mwezi wa Desemba 2024 kwamba itaufuta mchezo huu, na serikali ya Wales ikatangaza nia hiyohiyo Februari 2025. Wengine wetu walishangilia. Mimi nilifurahi, lakini niliuliza swali langu lilelile: mbwa waliomo mabandani siku ya kufunga, nani atawalisha?

Tazameni Macau. Kampuni ya uwanja wa mbio huko iliambiwa mwaka 2016 kwamba ina miaka miwili tu ya kuondoka. Siku ilipofika, Julai 2018, mbwa zaidi ya 500 walikuwa bado vizimbani, na hapakuwa na mpango wa maana juu yao. Iliwabidi watu wa huruma kutoka nchi mbalimbali wahangaike kuwatafutia makao mmojammoja. Florida nako muda ulikuwa miaka miwili, lakini huko vikundi vya watu kama sisi viliutumia muda huo kuandaa orodha za nyumba, na mbwa wakaondoka kidogo kidogo kadiri viwanja vilivyofungwa. Sheria ilitaja tarehe kote kuwili. Tofauti ilikuwa orodha.

Kwa hiyo ninachokisema kwa watawala na kwa wenye mbwa ni hiki: gharama ya miaka 8 ilipwe kabla ya mbio ya kwanza, si baada ya mbio ya mwisho. Mwenye kutaka kuzalisha mbwa wa mbio aweke akiba ya uzee wake siku mbwa anapozaliwa. Akiona ni ghali mno, basi amejua bei ya kweli ya mchezo wake. Na siku mchezo unapofutwa, orodha ya makao itangulie tarehe.

Nanyi vijana wa nyuma, sikuja kuwahubiria juu ya kamari. Walimu wenu wanatosha. Nawaomba tu mjifunze kuuliza swali la hesabu. Mtu akiwaonyesha jambo linalokwenda kasi na kuleta fedha, mpira, mbio, mgodi au kiwanda, msiulize tu nani ameshinda. Ulizeni anayekimbia akichoka atakwenda wapi, na ni nani ameweka akiba yake. Wenzetu wengi tuliokimbia nao mchakamchaka alfajiri katika uwanja huu walifanya kazi miaka 30 na zaidi mahali ambapo swali hilo halikuulizwa, na majibu yake tunayajua, maana baadhi yao tuliwachangia nauli ya kuja hapa leo.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na mpira unangojewa. Yeyote anayetaka kuona daftari letu, nimekuja nalo, liko kwenye meza ya Katibu. (Makofi.)